Kufundisha Migogoro ya Kimataifa kwa Maigizo: Mwongozo kwa Walimu wa Nyanda za Juu Kusini

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, una kifungu cha 246 ambacho wanafunzi wengi wa Iringa hawajawahi kukisikia, ingawa baadhi yao wamekwisha kusimama mbele ya fuvu linalotajwa humo. Kifungu hicho kiliitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Miezi sita iligeuka kuwa zaidi ya miaka 30, kwa kuwa fuvu lilirudishwa Kalenga mwezi Juni 1954. Mwalimu wa Historia anayefundisha kuanzia Iringa hadi Kyela, au kutoka Njombe hadi Tunduma, hana sababu ya kuanza somo la migogoro ya kimataifa kwa ramani ya Ulaya. Ziwa, reli, barabara kuu na makaburi yaliyo jirani na shule yake yanatosha kulianzisha.

Mwongozo huu unahusu njia moja tu ya kulifundisha somo hilo, yaani igizo la darasani. Hapa sizungumzii onesho la siku ya wazazi, lenye maleba, ngoma na mgeni rasmi, bali kipindi cha kawaida ambacho wanafunzi hupewa nafasi za watu waliohusika katika mgogoro na kutakiwa kuzitetea kwa hoja zenye ushahidi. Faida yake kubwa ni kwamba mwanafunzi hupewa upande ambao huenda haupendi, na kwa kuwa wenzake watamwuliza maswali, hulazimika kuusoma upande huo kwa makini kuliko anavyousoma ule anaouamini. Hayo mengine yote, kama kujiamini, ufasaha wa kuzungumza na kuchangamka kwa darasa, ni nyongeza ya kupendeza, lakini yasichukuliwe kuwa ndiyo lengo.

Hatua ya kwanza: chagua mgogoro unaoigizika

Si kila mgogoro unafaa. Unaofaa kwa kuanzia uwe na pande tatu au zaidi, kila upande uwe na jambo unalolitaka na jambo unaloliogopa, na pawepo maandishi ambayo mwalimu anaweza kuyasoma mwenyewe kabla ya kipindi. Epuka mgogoro ambao jibu lake darasani litakuwa ni kutaja nani mwema na nani mbaya, kwa sababu igizo lake litakwisha kabla halijaanza.

Kwa shule za kanda hii, nashauri mwalimu aanze na mgogoro wa mpaka katika Ziwa Nyasa kati ya Tanzania na Malawi. Asili yake ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani uliotiwa saini tarehe 1 Julai 1890, ambao uliuweka mpaka kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa, hivyo maji yote ya upande wetu yakabaki mikononi mwa Waingereza waliokuwa wakiishika Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Malawi inausimamia mkataba huo. Tanzania inasema mpaka unapaswa kupita katikati ya maji, na mwaka 1967 iliiandikia Malawi rasmi juu ya jambo hilo. Mgogoro uliibuka tena kwa nguvu mwaka 2012, baada ya Malawi kuruhusu utafutaji wa mafuta ziwani, na usuluhishi ukakabidhiwa jopo la marais wastaafu wa Afrika lililoongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Hakuna makubaliano ya mwisho yaliyotiwa saini. Hali hiyo ya kutokwisha ndiyo inayoufanya uwe mzuri kwa igizo, kwa kuwa hakuna mwanafunzi anayeweza kufunua kitabu na kukuta mwisho wake umeandikwa.

Mwalimu wa Kyela, Ludewa au Nyasa ana faida nyingine na pia mzigo mwingine, kwa sababu wanafunzi wake wana shangazi na wajomba ng'ambo ya ziwa. Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga ni watu wa asili moja, na mto Songwe wanaouvuka kwenda msibani ndio huohuo unaochorwa kama mpaka wa nchi. Kwa hiyo, kabla ya kugawa nafasi, uliza darasani kwa upole kama kuna mwenye ndugu Malawi, wala usimlazimishe mwanafunzi huyo kuwa sauti ya Malawi. Mwache achague mwenyewe.

Hatua ya pili: andika ukurasa mmoja wa ukweli

Kazi hii ni ya mwalimu na haina njia ya mkato. Andika ukurasa mmoja, usizidi, wenye tarehe, majina na mambo yasiyobishaniwa na upande wowote. Kwa mgogoro wa Ziwa Nyasa ukurasa huo utakuwa na mkataba wa 1890, uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba 1961, uhuru wa Malawi wa tarehe 6 Julai 1964, azimio la wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo mwezi huohuo wa Julai 1964 kuhusu kuheshimu mipaka iliyokutwa siku ya uhuru, barua ya 1967 na usuluhishi ulioanza baada ya 2012. Ubandike ubaoni au uunakili kwenye karatasi ya manila, kisha uwaambie wanafunzi kwamba mhusika yeyote anaruhusiwa kuutafsiri ukurasa huo kwa faida yake lakini haruhusiwi kuubadilisha. Kanuni hiyo ikishikwa, igizo halitahamia kwenye uzushi hata wanafunzi wapambe moto kiasi gani.

Hatua ya tatu: tengeneza kadi za wahusika

Kadi ndiyo moyo wa kazi yote, nami ningependa mwalimu atumie muda wake mwingi hapa kuliko mahali pengine. Kata karatasi nusunusu, na kwenye kila nusu andika mambo manne: wewe ni nani, unataka nini, una ushahidi gani, na unaogopa nini. Walimu wengi huandika mawili ya kwanza na kuishia hapo, kisha wanashangaa kuona wahusika wakirudia sentensi ileile kwa sauti inayozidi kupanda. Hofu ya mhusika ndiyo inayompa nafasi ya kujadiliana, kwa sababu mtu anayejua anachokiogopa anajua pia kile anachoweza kukiachia.

Kadi ya ujumbe wa Malawi inaweza kusomeka hivi: "Ninyi ni ujumbe wa Malawi. Mnataka mpaka ubaki ufukweni. Mnao mkataba wa 1890. Mnalo pia azimio la Cairo la 1964, ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelipeleka mbele ya wenzake. Mnaogopa kwamba mkikubali kuugusa mkataba mmoja wa wakoloni, mipaka yenu mingine nayo itaanza kuulizwa."

Kadi ya Tanzania: "Ninyi ni ujumbe wa Tanzania. Mnataka mpaka upite katikati ya maji. Mnajua kwamba mkataba wa 1890 wenyewe, katika kifungu cha sita, uliruhusu mpaka urekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Mnajua pia kwamba mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana mpaka wa Nyasaland na Msumbiji upite katikati ya ziwa hilohilo. Mnaogopa kwamba mkikaa kimya, ukimya wenu utahesabiwa kuwa ridhaa."

Mwalimu atakayewapa wanafunzi wa Mbeya kadi ya kwanza ataona nyuso zikikunjamana, hasa wakifika kwenye jina la Mwalimu Nyerere. Hapo ndipo somo linapoanza, kwa maana wanafunzi wanagundua kwamba hoja ya jirani haikuokotwa njiani, na kwamba aliyeupenda umoja wa Afrika kiasi cha kutaka mipaka isiguswe alikuwa rais wa nchi ambayo mmoja wa mipaka hiyo ulikuwa unaibana.

Baada ya serikali mbili, ongeza wahusika ambao mara nyingi husahaulika. Mwandalie kadi msuluhishi, ambaye ni rais mstaafu asiye na jeshi wala mamlaka ya kutoa hukumu, na ambaye chombo chake pekee ni heshima aliyonayo kwa pande zote. Awepo mvuvi wa Matema anayevua usipa usiku kwa karabai, na mvuvi mwenzake wa Karonga. Awepo mama anayenunua usipa mnadani na kuupeleka Mbeya mjini, pamoja na mwakilishi wa kampuni ya kigeni inayotafuta mafuta, ambaye hofu yake ni kutumia fedha nyingi mahali ambapo kesho haijulikani patakuwa pa nani. Wahusika hawa hupewa ushahidi mdogo na hofu kubwa, kama ilivyo katika maisha.

Hatua ya nne: ligawe darasa lote, si waigizaji hodari tu

Katika darasa la wanafunzi 70, ukichagua sita wa kuigiza utabaki na 64 wa kusinzia. Kila kadi ipewe kundi, si mtu mmoja. Makundi saba ya wanafunzi saba au wanane yatachukua karibu 55, na waliobaki wawe makarani wanaoandika kumbukumbu za mkutano na waandishi wa habari watakaosoma taarifa mbili zinazopingana mwishoni, moja kwa wasomaji wa Lilongwe na nyingine kwa wasomaji wa Dar es Salaam. Kila kundi liwe na msemaji anayebadilishwa kila baada ya dakika tano au sita. Anayeingia kusema huvaa alama ya kundi, na alama hiyo haihitaji gharama: kipande cha kitenge begani, mgolole, au hata sweta ya shule iliyogeuzwa ndani nje. Nimeona alama hii ikifanya kazi kubwa kuliko maleba kamili, kwa kuwa mwanafunzi mwenye haya hujificha nyuma ya kile kitambaa na kusema mambo ambayo asingethubutu kuyasema kwa jina lake.

Wasichana wasigeuzwe wauza samaki wote na wavulana mawaziri wote. Ugawaji huo hujitokeza wenyewe mwalimu asipouangalia, na njia rahisi ya kuuzuia ni kupiga kura ya vikaratasi.

Hatua ya tano: chora mgogoro sakafuni kabla ya mtu kusema

Sogezeni madawati ukutani. Mpe taarifa mwalimu wa darasa la jirani, maana kelele ya madawati ya chuma kwenye sakafu ya saruji haina adabu. Kwa chaki, chora ziwa sakafuni: refu kutoka kaskazini kwenda kusini, Matema na Itungi juu kabisa, Lupingu na Manda upande wa mashariki, kisha Liuli na Mbamba Bay, na ng'ambo Karonga na Nkhata Bay. Wanafunzi wawili washike kamba ya katani na kuilaza juu ya ufukwe wa mashariki. Huo ni mpaka wa 1890. Mvuvi wa Matema asimame majini, hatua mbili kutoka ufukweni, na kila ujumbe useme yuko nchi gani. Kisha wale wawili wainue kamba taratibu na kutembea nayo hadi katikati ya ziwa, huku darasa likitazama kamba ikimpita mvuvi, ambaye hakusogeza mguu.

Mwache mvuvi aseme neno moja tu kuhusu alichokiona. Zoezi hili huchukua chini ya dakika kumi, na halihitaji maelezo ya mwalimu. Wanafunzi wa Makete au Njombe mjini ambao hawajawahi kuliona ziwa hilo wataelewa maana ya mstari wa kati bila kuchorewa mchoro wa pili. Mwezi Juni au Julai, kwa baridi ya kule, lifanyike ndani ya darasa badala ya uwanjani, la sivyo watafikiria jua tu.

Hatua ya sita: endesha mkutano

Vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80, vinatosha endapo kadi ziligawiwa siku moja kabla. Baada ya zoezi la kamba, mkutano wenyewe uchukue nusu saa. Mwenyekiti ni msuluhishi, na mwalimu akae pembeni, au bora zaidi aingie katika uhusika mdogo usio na amri, kwa mfano karani mzee wa msuluhishi anayeruhusiwa kusimama na kuuliza, "Samahani, Mheshimiwa, hiyo tarehe nimeiandika sawasawa?" Swali hilo humrudisha msemaji aliyeanza kuzua kwenye ukurasa wa ukweli bila kuvunja igizo wala kumwaibisha.

Mfano ufuatao unaonyesha kiwango cha mazungumzo yanayofaa kutarajiwa kwa Kidato cha Tatu waliojiandaa:

UJUMBE WA TANZANIA: Mheshimiwa Mwenyekiti, watoto wa Matema wanaoga ziwani kila siku. Tukiufuata mkataba wa 1890, mtoto akilowa magoti amekwisha kuvuka mpaka wa nchi bila pasi. Tunaomba ndugu zetu watuambie kama kweli hilo ndilo wanalolitetea.

UJUMBE WA MALAWI: Mheshimiwa Mwenyekiti, hatujawahi kumfukuza mtoto majini. Lakini ndugu zetu walipokuwa Cairo walituambia tusiiguse mipaka, hata iliyo mibaya, maana tukiigusa Afrika itaungua. Leo wanataka tuuguse huu mmoja. Tuamini neno lipi?

MVUVI WA MATEMA: Wanangu, mimi sikufika Cairo. Mke wangu kwao Karonga. Upepo ukinisukuma usiku, karabai ikizimika, nitaujuaje huo mstari wenu? Nami nikiukosa, nani atanifunga?

MSULUHISHI: Mzee wetu ameuliza. Nataka jibu la swali lake kwanza, kisha turudi kwenye mikataba.

Zingatia alichofanya msuluhishi. Hakutoa hotuba ya amani. Mwanafunzi anayepewa nafasi hiyo hushawishika sana kusema kwamba sisi sote ni ndugu, tushikane mikono, na darasa hupiga makofi kwa furaha. Mwalimu alizuie jambo hilo mapema kwa kuandika kwenye kadi yake kwamba msuluhishi haruhusiwi kutaja neno amani hadi pande mbili zikubaliane juu ya jambo moja dogo lililoandikwa na karani. Jambo hilo laweza kuwa utaratibu wa kumrudisha mvuvi aliyepotezwa na upepo. Ni dogo, na ndivyo mazungumzo ya kweli yanavyoanza.

Katika mkutano wote kuna miiko mitatu. Hakuna silaha jukwaani, iwe panga, rungu au ufagio uliogeuzwa bunduki, kwa sababu vita vya darasani hugeuka kichekesho mara moja na kuwaacha wanafunzi wakiamini kwamba vita ni mchezo. Hakuna kuiga lafudhi ya jirani kwa kumkejeli. Na hakuna kufa.

Kuhusu lugha, ambako Historia hufundishwa kwa Kiingereza, nashauri igizo liendeshwe kwa Kiswahili na maandishi ya baadaye yafanywe kwa lugha ya mtihani. Hoja ngumu hujengwa haraka katika lugha ambayo mtu anagombania na kupatania. Kuitafsiri baadaye ni kazi ya wiki inayofuata.

Hatua ya saba: wavue uhusika

Walimu wenye haraka huiruka hatua hii, kisha jioni wanasikia kwamba wanafunzi wawili wameendelea kubishana bwenini wakiitana "Mmalawi". Kila aliyevaa alama aivue mbele ya wenzake, aiweke mezani, ataje jina lake na kidato chake, kisha amzungumzie mhusika wake kama mtu mwingine: "Yule mjumbe alikuwa anaogopa kupoteza mipaka mingine." Sentensi hiyo moja kwa kila kundi inatosha. Kama mwanafunzi amelia au amekasirika kweli, zungumza naye faraghani kabla hajaondoka darasani, wala usimtumie kuwa mfano wa uigizaji bora.

Hatua ya nane: tenganisheni yaliyotokea na mliyoyabuni

Gawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja andika "Yaliyotokea", upande wa pili "Tuliyoyabuni". Wanafunzi wapange kila jambo walilolisikia katika mkutano. Mkataba wa 1890 utakwenda kushoto. Mvuvi mwenye mke wa Karonga atakwenda kulia, ingawa wanafunzi wa Kyela watabisha kwamba wanamjua, na ubishi huo ni mzuri kwa sababu unazaa swali la nini kinahesabika kuwa ushahidi wa kihistoria. Bila hatua hii, mwanafunzi ataandika kwenye mtihani maneno ya mwenzake kama hotuba ya rais.

Baada ya hapo tu ndipo mwalimu awaeleze jambo ambalo halikuwa kwenye ukurasa wa ukweli. Mwezi Machi 2013, wakati mgogoro wa ziwa ungali mbichi, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, lililounda brigedi maalumu ya kupambana na vikundi vyenye silaha mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi zilizotoa askari wa brigedi hiyo zilikuwa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Waulize ilikuwaje nchi mbili zinazogombea maji zikapeleka vijana wao kusimama mstari mmoja wa mapambano. Usiwape jibu. Swali hili limewahi kulifanya darasa likose kusikia kengele ya mapumziko.

Kutoka ziwani kwenda mbali

Darasa likishamaliza mgogoro wa kwanza, mingine itakwenda haraka, na hapa mwalimu anaweza kuchagua kulingana na mahali alipo.

Shule zilizo karibu na reli, kama za Makambako, Mbeya na Tunduma, zina igizo la uamuzi lililokwisha kutayarishwa na historia. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru. Zambia, isiyo na bahari, ilikuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kwa wao. Liketishe darasa kama baraza la mawaziri mjini Lusaka na uwape njia zilizokuwepo, kila njia na gharama yake, ikiwemo barabara ya vumbi na matope inayopanda hadi Mbeya. Waamue kabla hawajaambiwa kilichofanyika. Ndipo uwasimulie kuhusu malori ya mafuta yaliyopita katika barabara hiyo, bomba la mafuta lililokamilika 1968, Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilizoona reli ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam haina faida, na mkopo wa China usio na riba uliojenga kilometa 1,860 za reli hiyo, TAZARA, kati ya 1970 na 1975. Wanafunzi waliozoea kuiona reli hiyo kama kitu cha kawaida watatambua kwamba ilijengwa kwa sababu ya vikwazo, ubaguzi wa rangi na ushindani wa mataifa makubwa. Wa Kilolo wanaweza kuongezewa habari za Mgagao, ambako wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa na kambi.

Kwa Vita Kuu ya Kwanza, kuna tukio la Agosti 1914 huko Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhaven. Meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza, na aliyemfyatulia mzinga alikuwa nahodha aliyekuwa akifahamiana naye. Tukio hili huigizika vizuri mno, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa maana darasa litacheka na kutaka kurudia. Likifanyika, lifuatwe mara moja na igizo la pili lisilochekesha: mpagazi aliyetwaliwa kijijini, mama aliyeporwa nafaka na jeshi moja kisha na la pili, na mzee wa kijiji anayetakiwa kutaja majina ya vijana wa kubeba mizigo. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo Afrika Mashariki walihesabika kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Makundi yote mawili yaigize kwa muda ulio sawa.

Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Wazee waliopigana bado tunao, na mmoja wao anaweza kualikwa kama shahidi wa kuulizwa maswali. Aamkiwe, apewe kiti, aulizwe maswali yaliyoandaliwa na kupitiwa na mwalimu, wala asiombwe kuonyesha jinsi alivyopigana.

Migogoro inayoendelea sasa, hasa ya Mashariki ya Kati, niliyo na wasiwasi nayo zaidi, isiwe ya kwanza wala ya pili. Madarasa yetu yana Wakristo na Waislamu waliokaa dawati moja, na mgogoro huo huingia darasani ukiwa tayari umevaa kanzu au joho. Ukiufundisha, usigawe nafasi za wapiganaji. Lifanye darasa kuwa Baraza la Usalama lenye wanachama 15, ambapo azimio hupita likipata kura tisa na lisipopingwa na yeyote kati ya wanachama watano wa kudumu, yaani China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi. Wape waandike azimio la aya tatu tu kuhusu kupitisha chakula na dawa kwa raia. Mara tu mwanafunzi mmoja atakapotumia kura ya turufu na kuliangusha azimio lililoungwa mkono na wenzake 14, darasa litaelewa muundo wa chombo hicho kuliko kwa nukuu za kurasa tano.

Upimaji

Usitoe alama kwa uigizaji. Mwenye kipaji cha sauti na anayetetemeka wanapaswa kupimwa kwa kitu kimoja, nacho ni maandishi. Siku inayofuata kila mwanafunzi aandike barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa mhusika wake kwenda kwa mhusika wa upande wa pili, kwa anuani na salamu zinazostahili cheo cha mwandikiwa. Katika alama 20, toa tano kwa usahihi wa tarehe na majina, tano kwa hoja ya upande wake, na kumi kwa jinsi alivyoieleza hoja ya mpinzani wake kabla ya kuijibu. Wanafunzi wakijua mapema kwamba kumi zimekaa hapo, namna yao ya kusikiliza mkutanoni hubadilika.

Kadi zikusanywe zote, zihesabiwe na kufungwa kwenye bahasha pamoja na ukurasa wa ukweli na kumbukumbu za makarani. Mkondo mwingine ukizitumia, ongeza kadi moja ambayo darasa lililotangulia liliona imekosekana. Katika mgogoro wa ziwa, kadi wanayoiomba mara nyingi ni ya mvuvi wa Msumbiji, ambaye mpaka wake ulikwisha kupita katikati na ambaye hakuna aliyemwalika kwenye mkutano.